Mhariri, alama zenu za kunukuu zilinikesha

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuwaandikia barua ndo mara ya kwanza, na nisingeandika kama sio ule ukurasa wenu wa teknolojia uliofundisha habari za JSON. Kwanza hongereni, maana gazeti la Kiswahili kuchapa mistari ya programu sio jambo la kila siku, na mwandishi alieleza vizuri tu kwamba JSON ni maandishi ya kawaida ya kupashana data kati ya programu, mabano ya mawimbi kwa kitu chenye majina na thamani zake, mabano mraba kwa orodha, basi. Nikafurahi, nikasema ngoja nijaribu. Nikaukopi mfano wenu kutoka toleo la kwenye simu, nikaupesti kwenye faili, nikaupa kiprogramu changu nilichoandika kwa lugha ya Go, kikagoma. Kikaniambia kimekuta herufi isiyofaa, â, yaani a yenye kofia, mahali kilipotegemea jina la fildi lianze (fildi ni kila jina pamoja na thamani yake).

Sasa mhariri hebu jiweke kwenye nafasi yangu. A yenye kofia! Kiswahili chenyewe hakina herufi hiyo, nikapitia mfano wenu mstari kwa mstari haipo, nikamwomba kompyuta aitafute akasema haipo, nikaanza kushuku kibodi, nikashuku Go, nikaishuku na laptopu yenyewe. Saa sita usiku bado nimekaa. Kumbe mchawi ni zile alama za kunukuu. Programu zenu za kupanga kurasa zinazipinda ili zipendeze machoni, ya kufungua inalala huku ya kufunga inalala kule, na kwa msomaji wa habari hamna shida yoyote, ila JSON inajua alama moja tu ya kunukuu, ile iliyosimama wima, inayotunzwa kwa baiti moja, kipande kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta. Ile iliyopinda kwenye UTF-8 (mtindo wa kugeuza herufi kuwa baiti) ni baiti tatu, E2 80 9C. Go inasoma baiti moja moja, ikafika kwenye E2 ikagoma hapo hapo, na E2 ukiisoma peke yake kama herufi ndo hiyo â. Yaani ilikuwa inanilalamikia theluthi moja ya herufi!

Nikazinyoosha zote kwa mkono. Ikagoma tena, safari hii kwa sababu mwandishi wenu aliweka mstari wa maelezo katikati ya data ukianza na mikwaju miwili, kama tunavyoweka kwenye kodi (nasema kodi ya programu, sio ile ya kulipa). JSON haina maelezo. Douglas Crockford aliyeitangaza mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliyatoa kwa makusudi, mwenyewe alieleza kwamba aliona watu wanayatumia kuficha maagizo kwa programu inayosoma, na hilo lingeharibu maelewano kati ya mashine na mashine. Kanuni inayotumika leo, RFC 8259 ya mwaka 2017, bado haiyaruhusu. Kuna programu zenye roho nzuri zinayapitisha, lakini huwezi kumfundisha mwanafunzi kwa kutegemea roho nzuri ya programu.

Lakini hayo ningeyameza nikanyamaza. Lililonifanya niandike ni aya yenu ya mwisho iliyowashauri vijana wanaoanza wakae mbali na lugha za kukompaili (zile ambazo kodi yote inageuzwa kwanza kuwa programu ya mashine ndo iendeshwe), kwamba hizo ni za wakubwa wanaotengeneza mifumo mizito, na kwamba kwa kazi ndogo ndogo za kila siku kama kuchambua JSON, kijana achukue lugha inayokubali kila kitu bila maswali. Hapo sikubaliani na nyinyi hata kidogo, na sababu zangu sio za kitabuni.

Mimi sio injinia. Nimejifundisha mwenyewe usiku usiku baada ya kazi. Shida iliyoniingiza Go ilikuwa ya kawaida kabisa, mama yangu alibadilisha simu mara tatu na kila mara akarudisha majina kutoka kwenye bakapu, matokeo yake mtu mmoja anatokea mara tatu mara nne, kwa namba ile ile iliyoandikwa mitindo tofauti, moja inaanza na sifuri, nyingine na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, nyingine ina nafasi katikati. Majina yalikuwa elfu moja na ushee. Kuna apu ikanitolea majina yote kwenye faili moja la JSON, nikasema hii kazi ya nusu saa.

Nikaanza na Python, na sina ugomvi nayo, ni lugha nzuri naitumia mpaka leo. Mistari kumi na kitu nikamaliza, nikaiendesha, ikamaliza bila kulalamika, nikafungua matokeo nikakuta marudio yapo vile vile. Mbona? Nikakagua mantiki iko sawa. Baada ya muda mrefu ndo nikalifungua faili lenyewe nikalisoma kwa macho (jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo), nikaona hivi, mtu wa kwanza kaandikwa

"simu": "0123456"

na yule yule chini huko kaandikwa

"simu": 123456

Umeona? Wa kwanza namba yake iko ndani ya alama za kunukuu, ni stringi, yaani maandishi. Wa pili haina alama, ni namba ya kuhesabia, na namba ya kuhesabia kwenye JSON hairuhusiwi kuanza na sifuri, kwahiyo ile apu ilipoiandika hivyo sifuri ya mbele ikaliwa. Python ikapokea zote mbili bila kuuliza, hii stringi karibu, hii namba karibu, alafu nilipoziambia zilinganishwe ikajibu haya ni vitu viwili tofauti, na kwa kanuni zake iko sahihi kabisa. Kosa lilikuwa langu, nilidhani najua data yangu ikoje kumbe siijui.

Ndo nikajaribu Go, ambayo ni ya kukompaili, kwa sababu jamaa yangu mmoja alikuwa anaisifia. Huko kabla hujasoma chochote unatangaza umbo la kitu unachotarajia, wanaita strakti, unasema mtu ana jina ambalo ni stringi na ana simu ambayo ni stringi. Nikaipa faili. Mara ya kwanza tu ikanijibu kwamba imekuta namba mahali uliposema ni stringi, tena ikataja fildi yenyewe, simu. Yaani kitu kilichonila jioni nzima kimesemwa kwa sentensi moja. Nikajisikia mjinga kidogo lakini mjinga mwenye furaha.

Najua wataalamu wakisoma hapa watanirukia, watasema wewe unachanganya mambo, kompaila haioni JSON, data inaingia programu ikiwa tayari inaendeshwa, kilichokusaidia ni kutangaza aina za data sio kukompaili. Ni kweli, nawapa haki yao. Na Python nayo ningeweza kuikagulia aina kwa mkono. Lakini swali ni je ningeikagulia? Mtu anayeanza hakagui kitu asichojua kwamba kinahitaji kukaguliwa. Go haikuniachia hiari, ilinitaka nijibu swali la kwanza kabisa, data yako ina umbo gani, na nilipolijibu vibaya ikanishika. Alafu kompaila yenyewe ina kazi yake, nikishatangaza umbo, popote kwenye kodi nikiandika mtu.Smu badala ya mtu.Simu programu haijengeki kabisa, nalijua kosa kabla data yoyote ya mama haijaguswa. Na sisi tunaojifunza usiku, wa macho mazito, makosa ya namna hiyo tunafanya kumi kwa saa.

Mficha uchi hazai, kwahiyo nisimulie na aibu niliyoipata kwenye hiyo hiyo Go ninayoisifia. Strakti yangu ya kwanza niliandika majina ya fildi kwa herufi ndogo, jina, simu, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika. Ikakompaili vizuri, ikasoma faili bila kosa lolote, nikaambiwa kuna watu elfu moja na ushee. Nikachapisha majina. Tupu. Watu elfu moja na ushee hawana majina wala simu, kama daftari la mahudhurio la mizimu. Kwenye Go, fildi inayoanza na herufi ndogo ni ya ndani ya pakiti yake (fungu lake la kodi) tu, na ile sehemu inayochambua JSON inakaa pakiti nyingine kwahiyo haiwezi kuijaza, inaipita kimya kimya bila hata kukohoa. Dawa ni kuanza na herufi kubwa, alafu pembeni unaweka kibandiko cha kuiambia kwenye faili jina lake ni lipi, hivi:

Simu string `json:"simu"`

Ukishaweka hicho kibandiko kwenye fildi ya herufi ndogo, kuna amri ya go vet inakuonya, lakini mimi kibandiko nilikuwa sijakiweka na hiyo amri nilikuwa siijui. Nasema haya ili mwandishi wenu asidhani nimekuja kupiga debe, kila lugha ina mashimo yake, tofauti ni unadumbukia saa ngapi na unatokaje.

Shimo jingine ambalo ningeomba mliandikie makala nzima ni la kitu kisichokuwepo. Kwenye faili la mama baadhi ya watu walikuwa na mwaka wa kuzaliwa, wengi hawakuwa nao. Go ikikosa fildi kwenye data inaiacha na thamani yake ya mwanzo, kwa namba ni 0, kwa stringi ni tupu. Kwahiyo nilipotaka orodha ya siku za kuzaliwa nikapata kijiji kizima kimezaliwa mwaka 0. Sifuri na kutojua ni vitu viwili tofauti kabisa, mtu akikuuliza una watoto wangapi ukasema sina ni jibu, ukinyamaza sio jibu. Ili kutofautisha unatumia pointa, yaani kielekezi cha mahali thamani ilipo, kama haielekezi popote ujue data haikuwepo, na hapo wengi wanaoanza wanashtuka kwa kuwa neno pointa linatisha kuliko lenyewe lilivyo. Rust, lugha nyingine ya kukompaili iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, ni kali zaidi, ukitumia maktaba yake ya Serde alafu fildi ikakosekana inakataa kabisa mpaka utangaze mwenyewe kwamba hii inaweza kuwepo au isiwepo. Mimi huo ukali naupenda, ila nakiri Rust ilinishinda wiki ya pili nikarudi Go.

Na namba kubwa jamani. Hili mwandishi wenu aligusa kidogo aliposema JSON ina aina moja tu ya namba, akapita. Asingepita! JSON yenyewe haiweki kikomo cha ukubwa wa namba, kikomo kinawekwa na anayesoma. JavaScript kwa kawaida inatunza namba zake kama desimali za biti 64, ambazo zikipita 9007199254740991 haziwezi tena kutofautisha kila namba kamili na jirani yake. Mpe 9007199254740993 atakurudishia 9007199254740992, bila onyo, kana kwamba ndo uliyompa. Twitter walikutana na hili mwaka 2010 namba za utambulisho wa twiti zao zilipokuwa zinakua, wakaamua kila namba waitume mara mbili, mara moja kama namba na mara ya pili kama stringi. Na Go nayo sio malaika hapa, ukiwa mvivu wa kutangaza umbo ukaiambia soma tu chochote, kila namba inaiweka kwenye float64 (ndo zile desimali za biti 64) na unaangukia shimo lile lile. Ukitangaza kwamba fildi hii ni int64, yaani namba kamili ya biti 64, unapata namba yako kamili mpaka tarakimu ya mwisho. Yaani ndani ya lugha moja anayetangaza umbo anapona na asiyetangaza anaumia, na huo ndo ugomvi wangu wote na ile aya yenu.

Turudi kwa mama. Nilichofanya mwisho, nilitengeneza aina yangu mwenyewe ya Simu inayokubali stringi na namba zote mbili, ikiingia inaondoa nafasi na vistari na alama ya kujumlisha, inabaki tarakimu tupu. Alafu nikalinganisha tarakimu za nyuma tu, maana vurugu yote iko mbele, nikaziweka kwenye map, ufunguo ni zile tarakimu na thamani ni orodha ya watu wote wenye namba hiyo. Orodha yenye mtu zaidi ya mmoja nikamchapishia mama achague jina lipi libaki, sikutaka mashine iamue, kwa kuwa kuna mahali "Shangazi" na "Fundi bomba" walikuwa na namba moja na mpaka leo mama hajaeleza ilikuwaje.

Na hapa ndo lugha ya kukompaili ilinifurahisha kuliko pote. Mdogo wangu anakaa mbali, simu yake ina ugonjwa ule ule, na kompyuta yake ni ya Windows wakati yangu ni Linux. Na Python ningeanza kumwelekeza kwa simu, sakinisha hiki, sasa sakinisha kile, umeona kimeandika nini, soma tena, hapana sio hiyo. Kwa Go niliandika GOOS=windows mbele ya amri ya kujenga, ikanitolea faili moja la exe, nikamtumia, akalifungua, likafanya kazi. Hakusakinisha kitu. Hajui hata kama Go ipo duniani. Kazi ndogo ya nyumbani ndo inahitaji hivyo kuliko hata mfumo mkubwa, maana mfumo mkubwa una mtu wa kuutunza anayelipwa, programu ya kusafisha majina ya simu ya mama ina mimi peke yangu.

Kuna msomaji atauliza habari ya mafaili makubwa, kwa ufupi tu, ukiwa na bakapu ya meseji ya gigabaiti mbili usiisome yote kwa mkupuo, Go ina Decoder inayokuletea kipengele kimoja kimoja kutoka kwenye orodha, unakishughulikia unakiacha kinakuja kingine, laptopu ya kawaida inaweza. Ila usisahau kuangalia kosa kila hatua. Go hairushi makosa hewani, inakurudishia mkononi kama chenji, na watu wengi wanaipokea chenji bila kuihesabu. Kwenye JSON hii ni hatari hasa kwa sababu aina isipolingana Go inairuka fildi hiyo, inaendelea kujaza zilizobaki, alafu ndo inakurudishia kosa la kwanza iliyokutana nalo. Usipoliangalia utaona data imejaa jaa vizuri, utaridhika, kumbe namba za simu za nusu ya ukoo hazimo.

Naona barua imekuwa ndefu na mtaikata, haya kateni kwenye Rust. Ombi langu kwenu ni kwamba mkichapa tena mfano wa JSON msiupitishe kwenye ile programu ya kupendezesha maandishi, au basi uwekeni kama faili la kawaida watu walichukue lilivyo, na kabla haujatoka mtu mmoja hapo ofisini aupitishe kwenye programu yoyote ya kukagua JSON, ni kazi ya sekunde. Na yule mwandishi, ambaye naendelea kumsoma, nampa changamoto achukue ule ule mfano wake wa kwanza autangazie strakti, aone vitu vingapi alikuwa hajaamua, kwa mfano ile fildi yake ya tarehe, ni stringi ya mtindo gani, mwezi unaanza au siku? JSON haina aina ya tarehe. Mimi nilijaribu kuitangaza nikakwama, kwa kuwa mfano una tarehe tatu na zimeandikwa mitindo miwili, na ya tatu inasomeka kote kote.

Na kama mtaichapa barua hii, pale juu niliposema json:"simu" na kwenye ile mistari miwili ya namba, nawaomba sana mafundi wenu wa kurasa wasiziguse hizo alama za kunukuu. Wala kile kialama kilichoinama kama mkwaju mdogo mwanzoni na mwishoni, nacho ni cha lazima, sio uchafu wa kwenye skrini.

Wenu,
Msomaji wa toleo la simu, fundi wa kujifundisha